Sindano ya Kulainisha Damu

Kawempe, Kampala
14 Januari 2024

Dada yangu Rahmah,

Nakutakia amani, wewe na wote wa hapo Kibos. Sisi huku wazima. Sumayiya anakusalimu, na lile tabaga, kawa la rangi ulilomsukia mwaka juzi, bado analifunikia chakula, lakini kwa wageni tu. Mimi mwenye nyumba nafunikiwa kwa sahani. Binti yetu Aminah amejifungua salama kule Arua, mtoto wa kike, wamempa jina la marehemu mama yetu, Ruqaiya. Ana mdomo mwembamba kama wa mama, na kwa sauti ninayoisikia kwenye simu, ukali pia ameurithi.

Barua hii nampa Oyat, yule dereva wa basi la Kisumu. Vijana wa gereji wananicheka kwamba siku hizi nani anaandika barua. Nawaambia dada yangu masikio yamechoka, simu haimfai, na maandishi ya kwenye kioo anasema yanamkimbia. Karatasi haikimbii.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka nilikwambia mguu wa kulia unanibana nikitembea. Umezidi. Kutoka gereji mpaka msikitini nasimama mara tatu, najifanya natazama bidhaa za watu barabarani, kumbe nangoja maumivu ya kigimbi yapite. Wamenipiga picha hospitali. Mshipa mkubwa wa paja umeziba, sababu ni sukari, na sigara zile ulizokuwa ukinigombeza. Watapitisha waya ndani ya mshipa, watanue palipoziba, kisha waache humo kibomba cha wavu kinachoitwa stenti, kishike njia wazi. Siku ni tarehe 6 Februari.

Mimi nimezibua rejeta za malori miaka thelathini na sita, kwa hiyo nimewaelewa vizuri kuliko Sumayiya. Usiwe na wasiwasi.

Ndugu yako mdogo,
Abdul-Latif


Kibos, Kisumu
25 Januari 2024

Mdogo wangu Latifu,

Salamu zako zimefika zikiwa na harufu ya dizeli, kama kawaida ya Oyat. Nimefurahi kwa ajili ya mtoto, Mungu amkuze. Huku mvua haijaamua kama inakuja au inaondoka. Nina kazi ya harusi, matabaga kumi na mawili, na bibi harusi ametaka zambarau kila mahali. Vidole vyangu vyote vimekuwa zambarau. Jana nimeswali, nikatazama mikono nikaona aibu.

Habari ya mguu nimeisoma mara mbili. Umesema usiwe na wasiwasi, basi ndipo ulipoanza. Kukutia waya ndani ya mshipa, na wewe unaniandikia kama habari za lori la mtu.

Nimempa Oyat kopo. Ndani ni unga wa majani na magome ambao mimi mwenyewe nautumia tangu miguu yangu ilipovimba, na unaona bado natembea. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, kabla ya operesheni na baada. Ya hospitali tumia na hii nayo tumia. Usiwaambie madaktari, watakukaripia bure, wao hawapendi kisichotoka kwao. Sumayiya pia usimwambie, ataanza maswali.

Kunywa, Latifu. Nimekulea mwenyewe, ninajua tabia yako ya kumwaga dawa dirishani.

Dada yako,
Rahmah


Hospitali, Kampala
11 Februari 2024

Dada Rahmah,

Nakuandikia kitandani, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Jumanne walinifanyia, na nimetoka salama. Sikulala usingizi kabisa, walitia ganzi tu, nikawa nawasikia wakizungumza juu ya mpira wa Jumapili huku wako ndani ya mshipa wangu. Nilitaka kuwaambia wamalize kazi kwanza.

Walipomaliza, daktari alinishika unyayo akasema, "Mzee, jishike mwenyewe." Dada, unyayo ulikuwa na joto. Kwa mwaka mzima mguu ule ulikuwa kama samaki wa kwenye barafu pale sokoni Ggaba. Nimeushika muda mrefu mpaka mgonjwa wa jirani akauliza kama una kitu.

Bado wananiweka hapa kwa sababu ya sukari, imekataa kushuka. Wananidunga sindano ya tumboni kila siku mara mbili, inaitwa heparini, ya kulainisha damu isigande kwenye ile stenti. Tumbo limekuwa na madoa ya bluu. Muuguzi wetu, Adoch, mtu wa Gulu, ana mkono mwepesi. Akija mwingine nasema sindano nimeshapigwa.

Chakula analeta Sumayiya. Ile yako nakunywa, iko nyuma ya chupa ya maji kabatini. Ni chungu kuliko ulivyosema.

Nikitoka nitakuandikia kutoka nyumbani.

Abdul-Latif


Kibos, Kisumu
8 Machi 2024

Mdogo wangu,

Amani iwe kwenu. Mimi mzima, nyumba nzima. Harusi imepita, na bibi harusi akasema zambarau imezidi.

Oyat amepita mara tatu mikono mitupu. Mara ya tatu nikamwuliza kama unaumwa, akasema hajui, akaangalia matairi yake. Nimempa chai na bado hakusema.

Umesema utaniandikia kutoka nyumbani. Mwezi umeisha. Wewe mvivu wa barua huwi, hata ulipokuwa unafanya kazi Juba uliniandikia. Ramadhani inaingia wiki ijayo, na nisingependa kuanza kufunga nikiwa sijui habari zako. Andika hata mstari mmoja.

Rahmah


Kawempe, Kampala
24 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Ramadhani njema kwako. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi niko nyumbani tangu mwanzo wa mwezi. Sumayiya mzima. Mtoto Ruqaiya anaongezeka uzito, wametuma picha. Mvua hapa imekuwa nyingi, kule bondeni Bwaise maji yameingia majumbani kama kila mwaka, lakini kwetu juu hayafiki.

Mwaka huu sifungi, madaktari wamekataza kwa sababu ya vidonge. Nalisha masikini badala yake.

Mguu ulileta matata kidogo baada ya ile barua, kisha wakatengeneza. Sasa napumzika. Gereji wanaiangalia vijana, na wanaiangalia vizuri kuliko nilivyotegemea, jambo ambalo halinifurahishi sana.

Nieleze habari za huko. Masikio je? Na ile hospitali ya Kisumu ya masikio, ulikwenda?

Barua hii Sumayiya ndiye atakayeipeleka kituoni kwa Oyat.

Ndugu yako,
Abdul-Latif


Kibos, Kisumu
16 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Sikukuu imepita salama. Mvua inanyesha bila kupumzika, barabara ya kwenda mjini imekatika mara mbili, na mashamba ya miwa yamegeuka ziwa. Jirani amepoteza kuku wote. Mimi nimesuka matabaga manne, ya kijani na meusi. Masikio yako vilevile.

Salamu kwa wote hapo nyumbani. Mungu akupe nguvu.

Rahmah


Kawempe, Kampala
19 Mei 2024

Dada Rahmah,

Nakusalimu, na wote wa hapo. Sisi tupo. Nimesikia redioni habari za mafuriko ya huko, na Oyat amenihakikishia kwamba nyumba yako imesimama.

Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi kwa sababu ni fupi. Umeniambia habari za kuku wa jirani, hukuniuliza mguu. Dada yangu aliyekuwa akiniuliza hata kidole kikiumwa. Nimekaa nikafikiri: labda amejua, au labda amekasirika kwa sababu namficha. Kwa vyovyote vile, mwenye kosa ni mimi. Sasa nasema.

Mguu wa kulia umekatwa, chini ya goti. Ilikuwa tarehe 17 Februari, Jumamosi asubuhi. Karatasi ya ruhusa niliitia sahihi mwenyewe.

Ilianza Jumatano, siku ya nane baada ya operesheni. Niliamka unyayo unauma kama umebanwa na jeki. Nikautazama, mweupe. Adoch akaja, akaweka kiganja kwenye unyayo wa kulia, akaweka kwenye wa kushoto, akarudi wa kulia. Akaenda kumwita daktari, na mwendo wake haukuwa ule wa kila siku. Wakanirudisha chumba cha operesheni. Ndani ya stenti damu ilikuwa imeganda mabonge. Wakayavuta, wakaniongezea ile sindano ya kulainisha damu. Kesho yake yakaganda mengine. Hata mkono uliokuwa na mpira wa maji ya dawa ukavimba, nao una bonge.

Ijumaa akaja daktari mkubwa, mama mmoja wa kutoka Busia anaitwa Nerima. Yeye hakuanza na mguu, alianza na karatasi. Akawauliza wale madaktari vijana, "Chembe za kugandisha damu zilikuwa ngapi siku alipoingia?" Wakasoma: mia mbili na sitini. "Juzi?" Tisini. "Leo?" Arobaini na moja. Akainama, akachukua bomba la sindano lililokuwa tayari kwenye sinia, akalitia mfukoni mwa koti lake. Akasema, "Hii asipewe tena, hata tone."

Wakanibadilishia dawa, na kuganda kukasimama. Lakini unyayo ulikuwa umeshakufa, rangi imegeuka. Dakta Nerima aliketi kitandani kwangu, hakusimama kama wengine, akaniambia, "Mzee Latifu, mguu au wewe." Nikamwambia sina haja ya kufikiri, nina haja ya kuswali rakaa mbili. Akangoja.

Damu yangu wameipeleka nje ya nchi kupimwa ili wajue hakika ni nini kilichosababisha. Majibu bado.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilifika kwenye neno "mguu" ikasimama. Usinilaumu sana.

Abdul-Latif


Kibos, Kisumu
9 Juni 2024

Latifu, mdogo wangu,

Sina habari za nyumbani za kukupa leo. Mungu akulinde, na akulinde tena.

Nilijua. Tangu Machi nilijua. Ndani ya bahasha ya ile barua yako ya Ramadhani, uliyoandika kwamba mguu umeleta matata kidogo, kulikuwa na kikaratasi kingine kilichokunjwa mara nne. Hati ya mke wako. Naandika hapa kama alivyoandika, kwa sababu nimeshakiweka moyoni: "Dada, mguu wa mume wangu umekatwa. Kopo lako nimelikuta kabatini hospitali. Madaktari wameuliza ni nini na sikuwa na jibu. Usilete kitu kingine nyumbani kwangu."

Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningeandika maneno makali zaidi.

Siku niliyokisoma, nililichukua kopo langu nikalimwaga chooni, kisha nikaosha mikono mpaka ngozi ikauma. Nikaketi nikaanza kukuandikia. Nitakuulizaje mguu, na mimi ndiye niliyeukata? Nikakuandikia kuku wa jirani.

Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita. Aliniambia, "Huyu wako." Nimekuvusha surua, nimekuvusha malaria ya kichwani, na umefika sitini na mitatu, umekuwa babu, halafu nakupelekea sumu ndani ya kopo la maziwa na kukuagiza uifiche.

Sitakuja Kampala. Nilikuwa nimepanga nije sikukuu hii ya kuchinja, lakini sitaingia nyumba ambayo mwenye nyumba hanitaki, na ana haki. Ukitaka kuacha kuniandikia, nitaelewa. Ukinisamehe pia nitaelewa, ila itanichukua muda zaidi.

Dada yako,
Rahmah


Kawempe, Kampala
7 Julai 2024

Dada yangu Rahmah,

Amani kwako, na tena amani. Tumechinja mbuzi mmoja, nimekaa kwenye kiti nikawaelekeza vijana, wakanichoka. Barua yako Oyat aliileta siku tatu baada ya sikukuu. Nilimwita Sumayiya, nikamsomea kwa sauti mpaka mwisho. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, kisha akaweka ungo chini akaingia ndani.

Habari za kikaratasi sikuzijua. Naapa.

Ningekuandikia siku hiyohiyo, lakini nilitaka kwanza majibu ya damu. Tuliitwa kuyachukua Jumatatu. Tumekwenda wote wawili. Nakuandikia kama Dakta Nerima alivyotueleza, maana nilimwomba aseme polepole.

Si kopo lako. Ni ile sindano.

Kuna watu wachache, alisema, ambao mwili wao ukipewa heparini unaikosea, unaidhani ni adui. Unatengeneza askari wa kupigana nayo, na askari hao wanazivamia zile chembe za kugandisha damu na kuziamsha zote kwa pamoja. Zinashikana mabonge popote zilipo. Ndiyo maana hesabu yake inashuka huku damu inaganda. Huanza siku ya tano, ya nane, ya kumi, mtu ameshafurahi kwamba amepona. Na kila wanapoongeza sindano, wanaongeza moto. Kipimo cha nje kimewakuta askari hao ndani ya damu yangu, wengi.

Sumayiya akauliza, "Musawo, na ile dawa ya majani?" Dakta akasema, "Mama, sitawaambia ilikuwa nzuri. Sijui ndani yake kuna nini, na mzee alikosea kunificha. Lakini haikumgandisha damu. Hata asingeinywa, tungekuwa hapahapa."

Nimepewa kadi nyekundu, ina jina langu na maneno: huyu asipewe heparini kamwe. Natembea nayo.

Sasa nampa Sumayiya kalamu. Amesema mistari miwili.

Dada, mimi ni Sumayiya. Niliandika nikiwa na hasira na hofu, nikamwandikia mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Nisamehe. Na sikumwambia mume wangu kwa sababu nilijua angenikataza. Nyumba hii ni yako, njoo.

Amesema mistari miwili, ameandika minne. Nakungoja.

Abdul-Latif


Kibos, Kisumu
28 Julai 2024

Latifu,

Salamu kwako, na kwa Sumayiya salamu za peke yake. Mwambie nimesoma, na hakuna deni kati yetu.

Nimelala siku mbili mfululizo baada ya barua yako, mpaka jirani akaja kugonga. Lakini leo nimeamka na swali, na wewe ndiye wa kunijibu. Sumayiya aliandika kwamba madaktari waliuliza habari za kopo. Lini? Wakati wewe mguu unakuwa mweupe, wao walikuwa wanaangalia kopo langu? Nakujua, Latifu. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe unaniletea vipande vikubwa, vidogo unavificha. Nipe vipande vyote.

Rahmah


Kawempe, Kampala
25 Agosti 2024

Dada Rahmah,

Nakusalimu. Sote wazima. Kigutu kimefunga, nimepimwa mguu wa bandia, mwezi ujao nitaupata. Fundi wake ni mtu makini, anapiga sandpepa plastiki kama mimi ninavyosafisha shaba kabla ya kulehemu. Nilimwambia upande mmoja bado una mkwaruzo, akakubali.

Nimekaa na swali lako wiki tatu. Nilitaka kukujibu hapana. Lakini umeomba vipande vyote.

Jumatano ile, nilipotolewa chumba cha operesheni, Sumayiya alifungua kabati kutafuta kikombe akalikuta kopo. Akaniuliza mbele ya daktari kijana aliyekuwa zamu. Nikageuzia uso ukutani. Adoch naye akaniuliza taratibu, "Mzee, hii nani alileta? Umekunywa siku ngapi?" Nikasema sijui. Daktari kijana akanusa, akasema basi sababu ndiyo hii. Jumatano nzima na Alhamisi walikuwa wanatafuta kopo lina nini, wamelipeleka maabara, wanamwuliza huyu na yule, na sindano wananiongezea. Ile karatasi ya hesabu ya chembe ilikuwa kwenye faili, hakuna aliyeifungua mpaka Dakta Nerima alipokuja Ijumaa.

Kwa hiyo ndiyo. Siku mbili zilipotea.

Nilimwuliza Dakta peke yake, Sumayiya akiwa nje: siku mbili hizo zingeokoa mguu? Akasema labda ningepoteza vidole tu, labda mguu uleule, na mtu atakayeniambia anajua kwa hakika, nisimwamini. Akaongeza kwamba kufungua faili ilikuwa kazi yao, kopo au hakuna kopo.

Wewe utasema ni wewe uliyeniagiza nifiche. Kweli uliandika. Lakini nilikuwa na miaka sitini na mitatu na mdomo wangu mwenyewe, na nilipoulizwa nikasema sijui. Ningewaambia ni majani ya dada yangu, nimekunywa wiki mbili, wangemaliza habari ya kopo kwa dakika tano. Basi tugawane. Chukua chako, usichukue changu.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki, nimewekewa mpira wa dawa mkononi. Muuguzi mgeni akaja na bomba dogo, nikamwuliza ni nini. Akasema, "Si dawa, ssebo, ni ya kusafisha mpira tu." Nikasema nisomee jina. Akasoma: heparini. Nikauvuta mkono, nikatoa kadi, nikakataa mpaka akaitwa mkubwa wake. Watu wote wa kwenye foleni walikuwa wananitazama. Zamani ningenyamaza ili nisimsumbue.

Njoo, Rahmah.

Abdul-Latif


Kibos, Kisumu
29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Amani. Nimechukua changu. Kizito, lakini kinabebeka kuliko kile cha kwanza, kwa sababu sasa najua mwisho wake uko wapi.

Nilikwenda kwa daktari wa hapa na miguu yangu iliyovimba, nikamwambia kila nilichokunywa kwa miaka mitano, majani na magome, bila kuacha. Aliandika ukurasa mzima. Nimepewa vidonge vya presha.

Nakuja katikati ya Novemba, nikimaliza matabaga ya watu. Oyat ameniwekea kiti cha mbele.

Rahmah


Kibos, Kisumu
8 Desemba 2024

Latifu na Sumayiya,

Nimefika salama, mwili unauma kiuno tu. Nyumba nimeikuta na buibui wengi. Zile ndizi za Sumayiya zimeiva njiani, nimewagawia majirani, wakasema Kampala watu wanakula.

Sasa nakuandikia wewe, Latifu. Siku kumi na mbili nilizokaa kwenu hatukuzungumza. Tulikula, tukacheka habari za mama, ukanionyesha gereji, lakini lile hatukulisema. Wewe ulikuwa ukinipigia kelele sikioni ili nisikie, na maneno hayo hayapigiwi kelele.

Siku mbili za kwanza Sumayiya alinipa chai akasimama mlangoni. Nilimwacha. Siku ya tatu mlikuwa ukumbini, mguu umeuvua, ameshika bendeji. Akanitazama, akaninyooshea. Nikaelewa anasema leo funga wewe. Wewe uligeuza uso, ukawa unatazama kalenda ukutani. Mimi sikugeuza. Nilikuwa nimekiogopa kigutu hicho miezi minane, usiku nilikuwa nakiona kikubwa na cheusi. Kumbe ni kitu kidogo tu, kina mshono, kina joto. Nilifunga kama nilivyokuwa nikikufunga magoti ulipoanguka. Sumayiya akanirekebisha mara moja, nilikuwa nimekaza sana. Baada ya hapo aliketi.

Swali moja limebaki. Basi lilipoanza kurudi nyuma, ulikuja mpaka dirishani kwangu ukasema kitu. Kioo kilikuwa kimefungwa, na injini inanguruma. Niliona midomo tu. Nimefikiri njia nzima kutoka Jinja mpaka mpakani. Ulisema nini?

Dada yako,
Rahmah


Kawempe, Kampala
22 Desemba 2024

Dada yangu Rahmah,

Nashukuru umefika. Sumayiya anasema kiuno kisuguliwe na mafuta ya moto, na mimi nasema kwanza mwulize daktari wako.

Nilichosema dirishani si kitu kikubwa. Nilisema mfuko wa ndizi usiuweke chini, utakanyagwa. Pole kwa kukufikirisha mpaka mpakani.

Lakini kuna jambo hukuliona, kwa sababu basi lilikuwa limeshageuka. Tangu mguu huu wa bandia nilipoupata, sijawahi kupiga hatua moja bila magongo yote mawili. Mtaalamu wa mazoezi amenibembeleza, amenikasirikia, ameniwekea vyuma vya kushika pande zote. Nilikuwa namwambia kesho. Ukweli, nilikuwa naogopa. Mguu wa upande huu ulinidanganya mara moja, ulipata joto nikaufurahia, kisha ukafa. Sikutaka kuuamini tena.

Basi lilipoingia barabarani nilibaki nimesimama nakupungia. Nikataka kugeuka nirudi, nikapeleka mikono kutafuta magongo, sikuyakuta. Nikatazama chini nikidhani yameanguka. Hayapo. Nikatazama nyuma. Sumayiya alikuwa ameketi kwenye benchi ya abiria, kulekule tulikokuwa tumekaa wote watatu, na magongo niliyoyaacha nilipokuwahi dirishani yamelala mapajani mwake. Alikuwa ameyashika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwingine, na hakuninyooshea.

Nilirudi polepole. Nilihesabu. Hatua kumi na nne.

Ndugu yako,
Abdul-Latif